Mgongo wa Gazeti

Jumapili, 4 Februari

Mpwa wangu Redio,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba, maana shikamoo ulizonirundikia katika barua moja zingemtosha mzee wa miaka mia. Mimi huku ni mzima, ninakula na kulala, na suruali zimeanza kunibana, dalili ya mtu anayeheshimiwa kazini. Mwambie mama yako nimepata salamu zake, pamoja na ile ya kwamba nipige simu. Simu sipigi. Kwenye simu dada yangu hunisikia mpaka mifukoni. Barua ina staha: inamsubiri mtu avae shati kwanza.

Haya, hili lako. Nimelisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kwamba umeshindwa mtihani wa redio mara ya pili. Kwamba wanatafuta mtu wa kutafsiri habari za Kiingereza papo hapo, mgeni anasema na sauti yako inasikika juu ya yake, na mhariri amekwambia, "Maneno yako ni sahihi, ila hayajuani." Kwamba Julai ndiyo nafasi ya mwisho, na ukikosa utabaki kwenye duka la mapazia ukiwapimia watu wenye madirisha makubwa kuliko akili. Wewe, ambaye tangu huna meno ulikuwa ukiifuatisha taarifa ya habari mpaka tukakupa jina la Redio.

Mhariri huyo simjui, lakini nampenda, maana amesema kweli. Maneno ya Kiingereza cha habari ni kama watu waliokuja harusini wawili wawili. Ukimkalisha mtu na mke wa mwenzake, sarufi haitalalamika, lakini ukumbi mzima utanyamaza. Sisi tunasema habari imetoka. Kwao habari inavunjika, kama sahani. Mkutano na waandishi haufanywi, unashikwa, kama mtoto mchanga. Siri haipelekwi gazetini, inavuja. Usiniulize sababu. Ni ndoa za zamani hizo, na mtu haendi nyumbani kwa watu kuwauliza walipendana kwa lipi.

Bahati yako una mjomba. Mimi na shule tuliachana mapema, bila ugomvi, kila mmoja akashika njia yake. Lakini nitajie profesa anayesoma magazeti mengi kunishinda. Kazi yangu unaijua, nitaieleza tena kwa sababu naipenda. Asubuhi magazeti yote ya mji yanaletwa ofisini kwetu yakiwa bado na harufu ya wino. Kuna wakubwa, watu wa viwanda na benki na siasa, wanaotaka kujua wametajwa wapi na kwa ubaya gani. Mimi nasoma, naliona jina, nakata. Mama wa meza ya pili, ambaye wote tunamwita Gundi, anabandika kipande kwenye karatasi nyeupe, kinapelekwa kwa mwenyewe. Mimi ndiye Mkasi. Katika mji huu hakuna mkubwa aliyewahi kukasirika kabla yangu mimi kujua atakasirika.

Ikifika mchana sakafu yetu inakuwa nyeupe. Dirisha likifunguliwa, mabaki yote yanainuka pamoja, yanazunguka polepole kwenye jua, na hata msimamizi wetu anaweka kalamu chini akatazama. Siku nyingine nahisi ni habari zenyewe zinapumzika, bado hazijaamua zimtokee nani.

Basi ndani ya bahasha hii kuna vipande. Vyote Kiingereza, vyote vimekatwa na mkono huu. Visome mpaka maneno yazoee kukaa pamoja kichwani mwako, yakatae kutenganishwa. Ukimaliza niandikie. Na umwambie mama yako nina koti jipya.

Mjomba wako,
Mkasi


Jumanne, 5 Machi

Mjomba,

Shikamoo, moja tu, ili usiseme nakuzeesha. Mimi sijambo. Mama hajambo, na anasema suruali haimbani mtu kwa heshima, inambana kwa mikate. Bomba la jikoni limeacha kudondosha bila kutengenezwa na mtu, tunaliangalia kwa wasiwasi. Paka wa jirani amezaa ndani ya kabati la chumba chako, na mama amekataa wahamishwe. Anasema angalau kuna mtu anakitumia.

Vipande vimefika. Mwanzoni mpango wako sikuuelewa. Kila sentensi imekatwa mwishoni. Neno la kwanza lipo, mwenzake hayupo, ni ukingo wa mkasi na baada yake ni meza. Nikasema mjomba ni mkali kuliko mhariri: ananipa bwana arusi, bibi arusi nikamtafute mwenyewe. Basi nimekuwa nikimtafuta. Wateja wakipungua nakaa nyuma ya majora ya vitambaa na kalamu, najaza pembeni. Bosi anadhani napiga hesabu.

Nisahihishe. Kuna msemaji wa kampuni ambaye "declined to", amekataa, halafu basi. Niliandika "talk". Kuna mwanasheria ambaye kesho ataushika, kama ulivyosema, "a press", nikaandika "meeting". Kuna kitu ambacho ni "unconfirmed", bado hakijathibitishwa, nikaandika "news". Nikizisoma kwa sauti nasikia kabisa kwamba kuna mtu amekaa na mke wa mwenzake, lakini mwenyewe simjui ni nani.

Jambo moja limenishangaza. Ulisema unakata majina ya wakubwa. Mbona vipande vingi havina mkubwa yeyote? Kimoja ni nusu ya tangazo la magodoro.

Mama anauliza utakuja lini. Nimeandika kama alivyolisema, sikuongeza wala kupunguza.

Mpwa wako


Jumapili, 21 Aprili

Redio wangu,

Marahaba. Nisamehe nimechelewa, huku kazini kulikuwa na shughuli ambazo hazihitaji wino. Afya ni nzuri. Koti bado ni jipya. Paka nimpe hongera, ila kwenye kabati hilo kuna viatu vyangu vya ngozi, asilee watoto ndani yake wakadhani ndiyo maisha.

Sasa nikae vizuri nikwambie. Barua yako niliisoma, nikairudia, kisha nikacheka mpaka mpangaji mwenzangu akagonga ukuta. Mpwa wangu, umesoma mgongoni.

Kipande cha gazeti kina pande mbili. Uso ndio ninaoukata mimi: mraba, safi, habari nzima kuanzia kichwa mpaka nukta ya mwisho. Mgongo ni chochote kilichojikuta upande wa pili siku hiyo, na mkasi unapita katikati yake bila kuomba radhi. Tangu nishike kazi hii sijawahi kutazama mgongo. Wa nini? Gundi anaupaka, anaubandika, umezikwa. Mimi nilikutumia nyama, wewe umekula mfuko.

Nikampelekea Gundi barua yako ili naye acheke. Hacheki huyo, tangu azaliwe anasubiri kichekesho kinachomfaa. Aliisoma taratibu, akanirudishia, akasema, "Usimguse. Wewe umemtumia habari. Yeye amejifunza kujua kinachokuja."

Nikafikiri sana. Na baada ya kufikiri nikagundua kwamba huo ndio uliokuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Sikiliza basi majibu. Yule msemaji "declined to comment". Comment ni neno la kutoa kauli, lakini kwenye magazeti kazi yake kubwa ni kukataliwa. Nimeliona likikataliwa zaidi ya wachumba wote wa mji huu. Mwanasheria anashika "press conference". Na kile kisichothibitishwa ni "reports", kwa wingi, kwa sababu uvumi hautembei peke yake. Ukisema "unconfirmed news" mtu atakuelewa, ila atakutazama viatu.

Kuanzia sasa nitaendelea kukata kwa uso kama kawaida, na mgongo sitautazama hata kwa bahati mbaya. Nikiutazama nitaanza kukuchagulia rahisi rahisi, kwa huruma, na redioni hakuna wa kukuchagulia. Hiyo ni ahadi ya mjomba.

Juzi niliota niko ofisini peke yangu, na mkasi haukati karatasi, unakata sauti. Kila nikifunga mkono, mtu mahali fulani ananyamaza katikati ya neno, na wewe ulikuwa dirishani ukiwamalizia mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anayewafunga watoto vifungo vya mashati. Niliamka nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Kuhusu nitakuja lini: kazi ni nyingi mno. Kuna mkubwa mmoja anasema hawezi kunywa chai ya asubuhi bila vipande vyangu. Nikiondoka atakunywa nini?

Vipande vya safari hii nimevikata kwenye gazeti la jana na la juzi, bado vina baridi ya duka.

Mjomba Mkasi


Jumapili, 26 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Watoto wa paka wamefungua macho. Bomba limeanza kudondosha tena na sote tumepumua.

Nimejaza vipande vyote vya Aprili, na safari hii kuna jambo limebadilika, sijui nilieleze vipi. Zamani nilikuwa nalitafuta neno. Sasa nakaa tu. Nasoma nusu ya kwanza, nanyamaza, na mwenzake anakuja kutoka mbali kama mtu kwenye barabara yenye ukungu asubuhi: kwanza unaona koti, halafu mwendo, halafu uso, na unamjua kabla hajafika. Familia inaomba, nasubiri, naona "privacy" inakuja, watu wanaomba waachwe peke yao. Picha "went", nasubiri, "viral", imesambaa kama mafua. Dukani mteja akisema anataka pazia zito la, mimi nimeshashika jora la chumba cha kulala. Bosi anasema nimekuwa mchawi.

Nawasha ile stesheni ya Kiingereza nikipiga pasi. Mvuke unapanda, mtangazaji anasema, na mimi nasema chini ya sauti yake. Mara nyingine tunafika kwenye nukta pamoja. Mama anasimama mlangoni anasikiliza, haelewi hata neno moja, anaitikia kwa kichwa kama anayeelewa yote.

Migongo ya barua yako ya mwisho tulisoma naye. Alitaka nimfasirie kimoja kimoja, hata matangazo. Kwenye kimoja alinikalisha muda mrefu, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akainuka, akashusha mapazia ya chumba chako akayafua. Paka na wanawe wamehamia jikoni.

Gundi hajambo? Meza zenu ni zilezile? Dirisha bado mnalifungua mchana?

Lile swali la mama sikuliandika safari hii. Hajauliza.

Mpwa wako


Jumapili, 30 Juni

Redio, fahari ya ukoo,

Marahaba mara nyingi. Mimi ni mzima kupita kiasi. Suruali haibani tena. Ni mtindo mpya, zinashonwa pana.

Umeniuliza maswali mengi ya ofisini kana kwamba nawe umeajiriwa. Nikujibu. Nimehamishiwa kwenye ukumbi mkubwa zaidi. Mpwa wangu, ungeuona. Dari iko juu sana, ukikohoa kikohozi chako kinakwenda kutembea na kinarudi baadaye. Meza ni ndefu, za mbao nyeusi. Mtu hana meza yake peke yake, ndiyo ukubwa wenyewe huo. Magazeti yananing'inia kwenye fimbo za mbao kama nguo zilizoanikwa, na mtu yeyote anachukua analotaka, hata wazee waliokuja kujikinga na mvua. Mlangoni kuna dada mwenye mihuri ambaye ametukataza mambo mawili: kusema na kukata. Mkasi wangu nauacha kwake kila asubuhi, ananipa kibati chenye namba, jioni ananirudishia. Kwa hiyo siku hizi nakata kwa macho. Nakaa, naiona habari, naizungushia mraba kichwani, naitoa, naiacha palepale kwa watu wengine. Ni kazi ya juu zaidi ukiifikiria.

Madirisha hayafunguliwi. Lakini mchana jua linaingia kwa pembeni, na vumbi linazunguka ndani yake taratibu, na ukilitazama bila miwani ni kama mambo ya zamani.

Gundi amekwenda kukaa na binti yake. Aliniachia kikombe chake.

Ndiyo maana bahasha hii haina vipande. Nimekuandikia jozi kwa mkono, karatasi nzima, mbele na nyuma. Soma mbele na nyuma, safari hii mgongo nao ni wangu. Lakini nadhani huzihitaji. Mtihani umekaribia, na mjomba wako aliyeona mengi anakwambia hivi: usimkimbize mtangazaji. Mtu anayekimbia nyuma ya sentensi huona visigino vyake tu. Mtangulie. Kakae kwenye kona ambako sentensi lazima ipite, uisubiri hapo umekunja miguu, ikifika isimame ikusalimie wewe kwanza.

Na wakikuuliza umesomea wapi, inua kidevu, useme mambo ya familia.

Mapazia yangu yana rangi gani siku hizi? Nimejaribu kuikumbuka nimeshindwa.

Mjomba


Jumatano, 24 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, watoto wa paka wamegawiwa majirani isipokuwa mmoja. Mapazia yako ni ya kijani, yale yenye mistari. Yamepauka kidogo upande wa jua.

Nimepita.

Nikueleze ilivyokuwa, maana najua utataka kusimulia kana kwamba ulikuwepo. Chumba cha mtihani kuta zake ni laini, zimevikwa kitu kama godoro, na ukisema sauti yako inakwenda hairudi. Nilivaa vile vya masikioni. Upande wa pili wa kioo alikuwepo mhariri, na kabla yangu aliingia kijana mwenye Kiingereza kizuri sana, nilimsikia ukumbini, kama amezaliwa nacho. Alitoka uso umemwiva. Alikuwa akisubiri kila sentensi iishe ndipo aishike, na ilipoisha moja, nyingine ilikuwa imeshafika, zikamrundikia.

Mimi nilifumba macho. Mwanamke mmoja akaanza kusema masikioni mwangu, mbio mbio, kuhusu waziri na siri zilizovuja, na nikauona ukungu uleule. Nikaenda nikakaa kwenye kona uliyosema. Alisema vyanzo vilivyo karibu na, nami nikawa nimeshataja familia. Alisema waziri amekataa, na Kiswahili changu kilikuwa kimeshamaliza: kutoa kauli yoyote. Kuna mahali nilifika kwenye nukta kabla yake, mjomba, nikamsubiri. Kulikuwa kimya na kuzuri huko, kama mchana kwenye nyumba ambayo watu wamelala.

Nilipofumbua macho mhariri alikuwa amesimama karibu na kioo. Akabonyeza kitufe chake akaniuliza nani amenifundisha. Nikasema, "Mkasi." Akaandika hivyo hivyo kwenye karatasi yake, nafikiri anadhani ni chuo.

Nilianza kazi Jumatatu. Kila siku kwenye taarifa ya saa saba mchana, wageni wakisema, ni mimi.

Sasa, mjomba. Nilimwahidi mama sitakuandikia hili, na leo asubuhi ameniruhusu.

Katika vipande vyako vya Aprili kulikuwa na habari ya benki moja, uso safi, mraba. Mgongoni mwake kulikuwa na tangazo dogo, na hilo halikukatwa popote, lilikuwemo lote, kana kwamba ulilipima. Lilisema ofisi ya kukata magazeti imefungwa, kazi hiyo sasa inafanywa na mashine, na kwamba meza, viti, mikasi na madebe ya gundi vinauzwa kwa pamoja. Anwani ni ile iliyopigwa mhuri kwenye bahasha zako zote isipokuwa hii ya Juni. Uliahidi hutautazama mgongo, na ukatimiza ahadi.

Mama alijua siku ileile. Nilitaka kukupigia simu palepale, akanizuia mkono. Alisema, "Muache avae shati kwanza."

Amengoja Mei, amengoja Juni. Mapazia ameyafua mara tatu sasa, yatachanika. Juzi alinyanyua kichwa kutoka kwenye kufua akaniuliza, bila hasira, shati hilo lina vifungo vingapi.

Nakutumia kipande kimoja. Nimekiandika mwenyewe kwa namna ya taarifa ya habari, nikakikata kwa mkasi wa mama wa kushonea. Kina nusu tu. Unajua la kufanya.

*Mdogo wake alipotafutwa*

Mpwa wako,
Redio


Jumamosi, 31 Agosti

Redio, na wewe dada, maana najua utakayeifungua ni wewe, na miwani utaisaka kwanza ilhali iko kichwani,

Salamu safari hii ni fupi kwa sababu nimechoka na ngazi ni ngumu kukalia. Mimi ni mzima. Koti si jipya. Lilikuwa la mpangaji mwenzangu, amebaki nalo.

Kile kipande kilinifikia mapema mwezi huu nikakaa nacho kwenye ule ukumbi mkubwa, ambao dada ameshatambua kuwa ni maktaba ya mji, na ndiyo, nilikuwa mmoja wa wazee wanaojikinga na mvua. Nilikiweka mezani na kukitazama siku baada ya siku. Mwalimu mwenyewe nikawa mwanafunzi. *Mdogo wake alipotafutwa.* Neno linalofuata hapo kila gazeti linalijua, na mimi nimelikata kwa lugha zote mbili mpaka vidole vikaota sugu: hakupatikana. Alipotafutwa, hakupatikana. Ni ndoa ya zamani kabisa, hawajawahi kuachana. Kila nikinyamaza kulisubiri linakuja lilelile, na koti lake, na mwendo wake, na uso wangu.

Dada, sikuwa nakuficha. Nilikuwa natafuta namna ya kuisema ambayo ingekuchekesha, na haikupatikana; mtu aliyeishi kwa kuwaambia nyote kwamba mji mzima unamsubiri aamke, aje aseme kwamba mahali pake wameweka sanduku linalonguruma, na halihitaji hata chai. Nilijaribu mara nyingi. Kila mara niliishia kwenye suruali.

Siku moja dada wa mihuri alikuja kwenye meza, akaweka mkasi wangu mbele yangu, mapema, bila kibati. Akasema kwa ile sauti yake ya maktaba kwamba nimekitazama kile kikaratasi muda wa kutosha, na kama ni cha kukata nikikate nje. Nikatoka. Jua lilikuwa limepiga vibao vyote vya barabara ile, nikajikuta natembea na mkasi mkononi kama mtu aliyealikwa kufungua daraja, watu wananipisha. Nikaenda moja kwa moja kukata tiketi.

Barua hii haina stempu, utakuwa umeona. Naiandikia gotini, kwenye ngazi ya tatu kutoka juu, ile iliyovunjika ukingo nilipoangusha baiskeli. Nimefika kitambo. Nilikuwa nimeshainua mkono kubisha, nikasikia redio ndani imewashwa, na saa saba ikapiga, na mgeni mmoja wa mbali akaanza kusema Kiingereza.

Halafu sauti yako, Redio.

Mpwa wangu, nimesikia wakubwa wengi wakitajwa, na sijawahi kuketi chini kwa ajili ya hata mmoja. Mgeni anasema, nawe unakuja juu yake kama shuka linalotandikwa, humfuniki uso. Alipovuta pumzi katikati ya sentensi, wewe ulikuwa umeshafika upande wa pili unamngoja. Nami hapa ngazini, midomo ilikuwa inakwenda yenyewe. Tulifika kwenye nukta watatu: yeye, wewe na mimi. Ndani nikasikia kiti cha dada kikilia, kama mtu ameegemea mbele ili asikie vizuri zaidi, na kijiko kikiachwa kwenye sahani. Paka amenusa chini ya mlango akanijua kwa viatu.

Nimeona nisibishe kwanza mpaka taarifa iishe. Isingekuwa adabu kumkata mtu kauli.

Sasa wanasoma hali ya hewa. Naipitisha karatasi hii chini ya mlango, na kile kipande chako nimekimaliza, si kwa neno lililozoea kukaa hapo. Mwalimu anaruhusiwa kuvunja ndoa moja.

*Mdogo wake alipotafutwa, alikuwa mlangoni.*

Dada, shati nimevaa. Fungua.